Chuma kinapofunika radikali huru: kupima udongo mwekundu kwa EPR

Swali: Natafuta radikali huru (molekuli zenye elektroni pweke) za mabaki ya mimea kwa mashine ya EPR, inayozitambua elektroni hizo kwa mikrowevu ndani ya uga wa sumaku; yangu ni ya bendi ya X, yaani karibu GHz 9.5. Mboji ya kinamasi kutoka bonde la Akanyaru, Rwanda, inanipa mstari mmoja mwembamba, safi. Udongo mwekundu wa Kabete, Kenya, unanipa mlima mpana tu. Nimeshauriwa niuoshe kwanza kwa asidi ya hidrofloriki (HF). Je, ni lazima?

Jibu: Si lazima, ndugu, na usianzie huko. Mlima huo ni oksidi za chuma, zilezile zinazoupa udongo rangi yake. Radikali huenda bado zimo, ila mstari wao wenye upana wa takriban mT (militesla) 0.5 umepanda mgongoni mwa mstari wenye upana wa makumi ya mT.

Kausha sampuli kwa 40 °C, au igandishe uikaushe chini ya ombwe. Maji hufyonza mikrowevu, na mashine itagoma kutyuni. Oveni ya 105 °C iache, maana joto hilo linaweza kubadili idadi ya radikali zenyewe. Chekecha kwa mm 2, kisha saga taratibu kwa mkono kwenye kinu cha akiki: kinu cha chuma huongeza chuma, na kinu cha mipira huvunja vifungo na kuzalisha radikali mpya. Funga sumaku kali kwa karatasi nyembamba, ipitishe juu ya unga, na upime uzito wa chembe zilizonaswa. Hatua hii ndogo hupunguza mlima kuliko wengi wanavyodhani.

Mrija uwe wa kwatzi, kipenyo cha nje mm 4. Kioo cha kawaida kina chuma, nacho huleta mstari wa g 4.3 (g ni namba inayotambulisha kila mstari) usio wa sampuli yako. Jaza mm 20 kila mara. Kwa mboji ni kama mg 60 hadi 100.

Piga skani pana kwanza, mT 50 hadi 600, ujue waliomo. Kisha finya dirisha. Kwa GHz 9.5, radikali yenye g 2.0036 hutokea mT 338.8, kwa hiyo skani mT 10 tu kuzunguka hapo, modulesheni (mtikiso mdogo wa uga wa sumaku) mT 0.1 kwa kHz 100. Mlima utabaki kama mteremko ulionyooka. Hapa hesabu iko upande wako: mashine inarekodi badiliko la ufyonzaji, hivyo kwa idadi ileile ya elektroni, mstari mpana mara kumi huwa mfupi mara mia.

Sasa pima kwa nguvu ya mikrowevu ya mW 0.05, 0.2, 0.8, 3.2 na 12.8. Nguvu ikipanda mara nne, urefu wa mstari unatakiwa kupanda mara mbili. Radikali za mboji huchoka mapema, yaani mstari wao huacha kupanda hivyo; chuma hakijali. Fanya kazi pale kanuni inapofuatwa bado, mara nyingi chini ya mW 1.

Usidanganywe na manganizi: mistari sita yenye nafasi ya kama mT 9, na radikali hukaa kati ya wa tatu na wa nne. Mchanga nao una mstari wake mwembamba sana karibu na g 2.001. Ukitumia kromu ndani ya oksidi ya magnesi kama alama, g 1.9800, itaonekana mT 342.8, ndani ya dirisha lako.

Kuhesabu radikali kunahitaji kuunganisha (integresheni) mara mbili, na hapo ndipo wengi huharibu. Ondoa mteremko kabla ya kila hatua, la sivyo namba itakuwa ya chuma. Kiwango cha kulinganishia: mg 1 ya TEMPOL, radikali thabiti ya maabara, ina elektroni pweke 3.5 × 10¹⁸. Isage kidogo kidogo ndani ya gramu 10 za kloridi ya potasiamu, ujaze mm 20 zilezile, na uhakikishe Q ya kaviti (uwezo wa chumba cha sampuli kutunza mikrowevu) haijapishana sana.

Kuchuja asidi za humiki (asidi za mboji) kwa NaOH si njia ya mkato: alkali ikikutana na oksijeni huzaa semikwinoni mpya, yaani radikali nyingine. Kama ni lazima, fanya chini ya nitrojeni.

Mstari usipoonekana hata hivyo, ndipo HF ya 10%, katika chombo cha plastiki, chini ya chemba ya kufyonza hewa, jeli ya kalsiamu glukonati, ya kutibu michomo ya HF, ikiwa mkononi. Nayo huondoka na sehemu ya mboji, kwa hiyo pitisha pia mboji ya Akanyaru katika asidi hiyohiyo: ukijua imepoteza kiasi gani, ndipo utajua uiamini vipi namba ya Kabete.