Kabla hujaandika kuhusu Geneva, kitazame king'amuzi chenu

Msomaji wa Tanga ameandika: ana shahada ya uandishi wa habari na anataka kuwa mhadhiri wa sera za kimataifa za habari na teknolojia ya mawasiliano. Mada ya tasnifu aliyoleta ni "Mchango wa mitandao ya kijamii katika maendeleo". Mdogo wangu, hiyo iache. Ni bahari isiyo na ng'ambo, na wasimamizi wamechoka nayo.

Kitazame king'amuzi kilicho chini ya televisheni yenu. Mwaka 2006, nchi za Afrika, Ulaya na sehemu za Asia zilizo wanachama wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zilikubaliana Geneva kwamba baada ya 17 Juni 2015 matangazo ya televisheni ya analojia kwenye masafa ya UHF hayatalindwa tena yakiingiliwa na mawimbi ya nchi nyingine. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia na kuhamia dijitali Dar es Salaam 31 Desemba 2012. Tanga ikafuata 2013. Kati ya mkataba ule na antena iliyo juu ya bati lenu kuna tasnifu kadhaa. Nani alibeba gharama ya king'amuzi? Kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Masafa yaliyoachwa wazi alipewa nani, kwa bei gani? Chagua swali moja.

Kisha chora jedwali la safu nne: tarehe, chombo kilichoamua, kifungu, kilichobadilika. Anza na mkataba wa Geneva, shuka kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kanuni za kwenye Gazeti la Serikali, halafu Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, maana huko ndiko utakutana na sababu ambazo sheria haizitaji. Wengi huteleza kwenye kanuni. Zile za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilifutwa na za 2020, nazo zikarekebishwa baadaye, lakini bado kuna makala zinazonukuu za 2018 kana kwamba zinatumika. Inaudhi. Andika namba ya Tangazo la Serikali na tarehe ya kuanza kutumika; mwaka peke yake hautoshi.

Ukienda Ngamiani, hapo Tanga mjini, kuhoji watu, usimuulize mama wa watu "unaionaje sera ya utangazaji?" Atakujibu "nzuri tu, mwanangu," na daftari litabaki jeupe. Muulize nani alilipia kifurushi mara ya mwisho, na kilipoisha walitazama nini. Tarehe zimewatoka watu, kwa hiyo wape kigingi: kilinunuliwa kabla au baada ya uchaguzi wa 2015? Mafundi wa antena nao usiwaruke; wanajua nyumba zipi zilirudi kusikiliza redio.

Barua ya chuo ya kuombea kibali cha utafiti hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, kisha kwa mtendaji. Ipeleke mwezi mzima kabla, na ubebe nakala kila siku.

Alama nazo zina neno. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma kwa kawaida hudai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili; ukikosa hapo, tasnifu nzuri haitakuvusha.

Kwenye kuchapisha, jihadhari na jarida linalokubali makala ndani ya siku tano na kutuma ankara siku ya sita. Kabla hujalipa, soma makala zake mbili za karibuni hadi mwisho, ukikagua kama marejeo yaliyotajwa ndani yanapatikana.