Bastola au shotigani?

SWALI: Naishi Igoma, Mwanza, na mke na watoto wawili. Wezi wamezidi. Nikipata leseni ya silaha, ninunue ipi?

JIBU: Ndugu yetu, tazama kuta kwanza. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupenya mlango wa mbao, jipsamu na bati, na marisau makubwa (punje za risasi) ya shotigani vilevile. Nyumba zimebanana, ukikosa shabaha, anayeumia ni jirani au mwanao.

Kwa asiyefanya mazoezi mara kwa mara, tunapendekeza shotigani: inaegemezwa begani na kushikwa kwa mikono miwili, hivyo haiyumbi kama bastola. Ila ni ndefu, kwenye korido nyembamba inasumbua. Kwa hiyo usizunguke nayo kumsaka mwizi gizani. Kusanyeni watoto chumba kimoja, fungeni komeo, mkeo apige 112, wewe baki humo na silaha ukiutazama mlango, kidole nje ya kifyatulio mpaka umemtambua aliyeingia. Huenda ni shemeji amechelewa.

Ifungie kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa bolti, risasi kando. Ufunguo usiuweke juu ya kabati la nguo, watoto wanapajua. Na unyevu wa ziwa huleta kutu: pitisha mafuta mepesi mtutuni.