Muulize Fundi wa Ndege: Bawa linacheza, nipande au nichukue basi?

*Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilipanda ndege KIA kwenda Dar, nikakaa dirishani nyuma ya bawa. Tulipoingia mawinguni bawa likawa linapanda na kushuka kama jani la mgomba. Kaka yangu anasema kuna ndege zilikutwa na nyufa pale bawa linaposhikana na mwili. Mwezi wa 12 nasafiri tena. Nipande au nichukue basi? – Mama wa wawili, Sakina, Arusha*

Marahaba mwanangu. Panda ndege. Bawa limesanifiwa licheze; lingekuwa halichezi, hapo ndipo ningekuambia ukakate tiketi ya basi.

Ila kaka yako hajakudanganya. Mwaka 2019 mafundi waliokuwa wakiifanyia marekebisho Boeing 737 NG iliyotumika sana walikuta ufa kwenye kipande chenye umbo la uma, kinachosaidia kulishikiza bawa mwilini. Kipande hicho kilisanifiwa kidumu mizunguko 90,000. Mzunguko ni kupaa na kutua mara moja. Nyufa zikakutwa hata kwenye ndege ambazo hazijafika nusu ya hapo. Marekani ikaamuru zilizopita mizunguko 30,000 zikaguliwe ndani ya siku 7.

Kwa nini tunahesabu kutua, si miaka? Ndege ikiwa chini, bawa linaning'inia kwa uzito wake na wa mafuta. Ikipaa, bawa ndilo linaunyanyua mwili. Upande wa chini wa maungio, uliokuwa umebanwa, sasa unavutwa. Ikitua unabanwa tena. Ndege ya hatua fupifupi hujaza mizunguko haraka kuliko ile ya kuvuka bahari, hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Huko kubanwa na kuvutwa mara nyingi mpaka chuma kipasuke kidogokidogo ndiko tunakoita uchovu wa chuma. Ukitaka kuuona, pita kwa mafundi springi pale Unga Limited, uombe jani la springi ya Hiace lililokatika. Tazama pale lilipokatikia. Upande mmoja ni laini, mweusi, una mistari inayofuatana kama pete za kisiki. Huo ni ufa wa zamani, ulikuwa unatembea kidogokidogo dereva akipakia abiria zake. Upande wa pili una chengachenga na unang'aa: hiyo ndiyo siku yenyewe lilipokatika. Bawa nalo ni hivyohivyo.

Ufa hupenda kona kali na matundu ya bolti, na pale unene wa chuma unapobadilika ghafla. Tarehe 29 Agosti 1948, Martin 2-0-2 ilipoteza bawa kwenye dhoruba karibu na Winona, Marekani, watu 37 wakafa. Ndege ilikuwa bado mpya! Umbo la maungio ndani ya bawa lilirundika nguvu mahali pamoja, ufa ukaanzia hapo. Na hapa jirani, Lusaka, Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ilikatika bawa dogo la mkia ikijiandaa kutua. Wasanifu walikuwa wameweka sehemu ya akiba ya kubeba mzigo ile kuu ikikatika. Akiba haikutosha, na aliyeuona ufa mapema hakuwepo.

Mwaka 1978 Marekani ikabadili kanuni. Sasa msanifu anaanza kwa kukubali kwamba ufa utakuwepo, kisha anapiga hesabu utakua kwa kasi gani na fundi achungulie lini kabla haujawa mkubwa. Mimi naiona hiyo kuwa kanuni ya watu wazima.

Nami niliwahi kuchemka. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kusafisha tumbo la bawa. Nyuma ya riveti moja kulikuwa na mchirizi wa kijivu, kama moshi wa kibatari ukutani. Nikaufuta kwa tambara, safi kabisa. Mkuu wangu alinisimamisha palepale: "Hiyo ilikuwa barua, nawe umeichana kabla hujaisoma." Ule ni unga wa alumini, riveti ikilegea inausaga. Alinirudisha na tochi na kioo kidogo, nikarudia bawa zima, riveti moja baada ya nyingine, mpaka magharibi. Shingo iliniuma siku tatu.

*Mzee, mimi ni fundi welding hapa Majengo, Moshi. Ufa wa bawa hauchomelewi? – Kijana wa Majengo*

Hauchomelewi, kijana wangu. Alumini ya maungio yale imepewa nguvu kwa kupikwa kiwandani kwa joto la kipimo. Ukiichomelea, pembeni ya mshono inalegea, na umeipa ufa mwingine pa kuanzia. Najua mnatoboa tundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee. Kwenye bati jepesi la nje hata sisi tumefanya, kitabu cha matengenezo kikiruhusu. Kwenye kipande kinachoshika bawa, kitu kinang'olewa, kinawekwa kipya.

Hiyo drili yako ibaki kwenye mageti.