Kabla hujapanda ndege kwenda India, tuongee kidogo kuhusu hao "Wahindi"

Toka nirudi kutoka Chennai, jiji la kusini mwa India, napokea meseji karibu kila wiki, watu wanampeleka mzazi au mtoto kutibiwa wanauliza viza, gesti, hela ya kula, hayo yote nishajibu. Leo nataka niongelee kitu ambacho hakuna mtu ananiuliza na ndo kilichonisumbua zaidi wiki zangu saba kule, yani yale mambo niliyobeba kichwani kutoka nyumbani. Nilimpeleka mama kubadilishwa goti, Julai na Agosti 2023, na mimi mtoto wa Tanga nilidhani Wahindi nawajua vizuri tu, si nimekua nao, duka la vitambaa la Mhindi, daktari wa meno Mhindi, Jumapili mchana sinema ya Kihindi tunalia na mama kwenye mkeka.

Siku ya kwanza nikatoka gesti, tulikuwa mtaa unaitwa Triplicane, kumtafutia mama chai. Nikamkuta mzee kwenye kibanda, nikaunganisha viganja kama nilivyoona kwenye sinema, "namaste!", af nikamwaga na vineno vyangu viwili vitatu vya Kihindi. Mzee akaniangalia weee, akasema "Hindi illai". Kihindi hakuna. Kijana mmoja aliyekuwa anakunywa chai pembeni akanieleza kwa Kiingereza, taratibu kabisa kama anamfundisha mtoto, kwamba hapa ni Kitamil, salamu ni vanakkam, na mwaka 1965 watu wa huku waliandamana hadi wengine wakapoteza maisha kukataa Kihindi kisiwe lugha pekee ya serikali ya nchi. Nilitamani ardhi ipasuke. Ukishika noti ya rupia uisome mbele na nyuma utakuta lugha 17, sasa mimi nimekuja na moja tena ya kwenye tivii. Kiswahili chetu nacho kinatuponza hapa, Mhindi, Kihindi, Mhindu, maneno yanafanana hivo unadhani ni kitu kimoja kumbe mtu anaweza kuwa la kwanza tu na hayo mengine mawili asiwe nayo.

Na nikaja kuelewa kwanini nilikosea. Wahindi wa kwetu wengi wao asili yao ni Gujarat na Kachi, wengine Punjab na Goa, walikuja na majahazi ya biashara miaka na miaka, wengine na reli ya kutoka Mombasa iliyoanza 1896 ambayo ilileta vibarua zaidi ya 30,000. Kwahiyo tunamjua Mhindi mwenye duka, basi. Kule Chennai nimeona Mhindi anafagia barabara, mama wa Kihindi amebeba karai la zege kichwani, dereva amelala ndani ya bajaji yake miguu nje saa sita mchana. Mama yangu siku ya pili akasema kwa sauti, tena bahati hakuna aliyeelewa, "Kumbe kuna Mhindi hohehahe kama sisi?" (Halafu bajaji usiite bajaji, wao wanaita "oto", ukisema bajaji wanadhani unaulizia kampuni.)

Ila usije ukageukia upande wa pili sasa, maana wapo ndugu zetu wakishaona ombaomba wawili nje ya kituo cha treni wanarudi kuhadithia India ni dampo. Muuza dafu pale nje kwetu, dafu kabisa kama za Pangani na panga lake, hana chenji kwa sababu karibu kila mtu anamlipa kwa simu, karatasi ya kuskani ameitundika kwenye mti na kispika kidogo kinatangaza hela ikiingia, na mimi niliyekuja najidai na M-Pesa nikabaki nimeshika noti ya mia tano kama mshamba. Na tarehe 23 Agosti, saa kumi na mbili jioni na dakika chache, tuko mapokezi pale gesti kwenye tivii chombo chao Chandrayaan-3 kikatua mwezini karibu na ncha ya kusini, hakuna nchi nyingine ilikuwa imewahi kutua upande huo. Dada wa usafi alikuwa amesimama na fagio lake mkononi, watu wakapiga makofi, yeye akafuta machozi na upindo wa sari akaendelea kufagia. Sasa huyo utamweka fungu gani?

Kichwa. Hii naomba uishike maana itakutesa. Nilimuuliza dereva wa oto, Marina Beach rupia mia na hamsini? Akatikisa kichwa kulia kushoto, kama kile kidude cha kichwa cha springi watu wanaweka kwenye dashibodi. Nikajua amekataa, nikamfuata mwingine, naye hivohivo, wa tatu hivohivo, nikaanza kuwaza hawa wananibagua. Kumbe wote walikuwa wanakubali! Yule wa kwanza akanifuata na oto yake ananishangaa. Kwetu hiyo ni hapana, kwao inaweza kuwa ndio, au nimekusikia, au sawa tu tutaona. Subiri neno "seri", hilo ndo sawa. Na dereva muite "anna", kaka, dada mkubwa muite "akka", utaona uso unavyofunguka, hapo ni kama kwetu tu huwezi kumuita mtu mzima kwa jina kavu.

Chakula ndo watu wananiambiaga "utakula majani tu, Wahindi hawali nyama". Mwaka 2021 Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, walitoa utafiti wao, Wahindi watu wazima waliosema hawali nyama kabisa ni asilimia 39, na kusini ni wachache zaidi. Triplicane biriani ya mbuzi inanukia mtaa mzima mchana, samaki wapo, kuku wapo. Asubuhi tulikuwa tunakula idli, mama akaziita vitumbua vilivyosahauliwa sukari, na dosa ambayo ni chila yetu ila kubwa na kavu, vyote na chatne ya nazi ileile tunayolia bajia. Ila kama unatafuta chumba cha kupanga uliza kwanza, kuna wenye nyumba wasiotaka nyama ipikwe humo ndani na hawamtanii hata Mhindi mwenzao. Sisi mmoja alitukatalia mlangoni, sijui ilikuwa nyama au ilikuwa rangi, sikuuliza.

Maana rangi ipo, nisikudanganye. Mwaka 2016 kule Bengaluru, jiji jingine la kusini mwa India, mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu kwa ajali ambayo hata haikumhusu, ilitangazwa dunia nzima, mama aliikumbuka kabla hata hatujakata tiketi. Mimi niliitwa Nigeria, yani sio Mnigeria, Nigeria, karibu kila siku. Nilikuwa najibu "Tanzania, anna" na wengine tukaishia kuongea vizuri tu. Usiku sikutembea peke yangu.

Dini nitapita haraka. Pale Triplicane kuna hekalu la Parthasarathy la zamani sana, ukitembea kidogo unakuta msikiti mkubwa wa Wallajah wa 1795 ambapo mama alifurahi kusikia adhana, na ukifuata pwani kuelekea kusini kuna kanisa la San Thome wanaloamini kaburi la mtume Tomaso lipo. Nesi wa mama alikuwa Mkristo wa Kerala, jimbo la jirani. Huyu nesi ndo alinifundisha kuhusu mahari. Aliniuliza nimeolewa kwa dhahabu kiasi gani baba yangu alitoa, nikamwambia baba yangu hakutoa kitu, mume ndo alileta. Akaacha kufunga bandeji. "Mwanaume ndo analipa?" Akawaita na wenzake wawili waje wasikie. Kwao familia ya binti ndo inatoa, sheria imepiga marufuku toka 1961 lakini dhahabu bado inatafutwa, baba yake alianza kukusanya yeye akiwa darasa la pili. Mmoja akasema sasa si mnakuwa mmenunuliwa? Nikataka kujibu kwa hasira af nikakumbuka mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimwambia mdogo wangu kwenye simu "hawa wanawake wa Kihindi wananunuliwa waume". Nikanyamaza nikacheka.

Bili zao pia zitakustua, niliandikiwa 1,80,000 nikajua wamekosea koma, nikabishana na dada wa kaunta mpaka akasema "one lakh eighty thousand". Laki! Laki moja na elfu themanini, hesabu ni yetu ileile, neno lenyewe tumelichukua kwao.

Na lile la "Wahindi wananuka" naomba uliache hapahapa uwanja wa ndege, ni matusi na ni uongo. Chennai ina joto la kunata, watu wanaoga kabla hata jua halijatoka, wanawake wanatia mlolongo wa asumini kwenye nywele, nesi, mwanafunzi, mama wa zege, wote, ukipanda basi asubuhi utadhani umeingia harusini. Mama alipoanza kutembea na magongo safari yake ya kwanza haikuwa hekaluni wala baharini, ilikuwa kwa muuza asumini, akamwambia kwa Kiswahili kabisa anataka za kufunga kikuba. Kule hawapimi kwa mzani, wanapima kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa ileile ya bibi yangu. Muuzaji alikuwa mama mfupi mwembamba, akapima dhiraa mbili, mama yangu akamtazama ule mkono, akagoma. Akaunyoosha mkono wangu mimi mbele ya watu, "Pima na huu." Yule mama akatikisa kile kichwa chake kulia kushoto, na safari hii nilielewa.