Save the Doge: duara si lazima

Save the Doge ni mchezo wa simu: unachora mstari kwa kidole kumkinga mbwa na nyuki kwa sekunde 10. Je, lazima umzungushie mbwa duara zima? Hapana, huhitaji, na kwenye hatua nyingi za mchezo duara ndilo linalokuua. Ukiinua kidole tu, mstari unageuka kitu chenye uzito: unadondoka, halafu nyuki wanausukuma kwa zile sekunde 10 zote. Duara halina pa kushikia, linabiringika kama tairi, na pembeni pakiwa na maji au miiba mbwa anakwenda nalo.

Mimi naucheza kila siku kwenye daladala, na kinachonifanyia kazi ni U iliyopinduliwa, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Zikunje ncha kidogo kwa nje, zilale chini kama nyayo. Hapo nyuki wakigonga ubavuni inakuwa ngumu kuipindua. Pakiwa na ukuta, usizunguke kabisa, bana ncha moja kwenye kona na nyingine chini, basi. Ibane karibu na mbwa, maana ukiacha uwazi upande mmoja nyuki anapenya, na akipenya mmoja tu umekwisha.

Ila hiyo ni kwa sakafu tambarare. Mbwa akiwa juu ya shimo au kwenye mteremko, hiyo U ya kumfunika kama kofia haisaidii: anzia chini ya mbwa, mstari uning'inie kwenye kingo za pande zote mbili, kisha umalizie juu. Una mkupuo mmoja tu, ukiinua kidole hakuna kuongeza. Wino utaisha haraka na nyota utazipoteza, lakini utavuka.