Arbitreta alienda saiti na mteja bila mimi, naweza kwenda kortini?

SWALI: Wakili habari. Mimi ni kontrakta, nilijenga fleti Kasarani, mteja akakataa kulipa pesa ya mwisho tukaenda kwa arbitreta (mtu wa kuamua mgogoro nje ya korti) vile kandarasi inasema. Tulipomaliza kutoa ushahidi, arbitreta akaenda kuangalia jengo na mteja na QS wake (mkadiria gharama za ujenzi), mimi sikuambiwa. Uamuzi unasema kazi ni mbovu kulingana na alichojionea pale. Pia hesabu alikosea kabisa. Imeli ya kusema uamuzi uko tayari ilikuja 14 Machi ila niliuchukua 9 Mei juu bili ya arbitreta ilikuwa haijalipwa. Nifanye nini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Unaweza kwenda, lakini harakisha.

Tuanze na tarehe, hapo ndio watu wengi hupotezea kesi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Arbitresheni ya 1995 kinakupa miezi 3 ya kuomba korti ifute uamuzi, kutoka siku ulipoupokea, na najua wewe unahesabu kutoka 9 Mei. Usihesabu hivyo. Majaji wetu wamesema zaidi ya mara moja kwamba ukishaambiwa uamuzi uko tayari njoo uchukue, basi umeupokea, mambo ya bili ni shida yenu, kwa hivyo wewe chukulia muda unaisha 14 Juni na usitegemee jaji akuongezee.

Hesabu sahau. Jaji hatafungua kandarasi aanze kupiga hesabu upya, arbitreta akikosea hapo mmekosewa, mlikubali wenyewe awaamulie. Rufaa ya kifungu cha 39 ipo ila ni ya maswali ya sheria na lazima mlikuwa mmekubaliana nayo. Nimeona watu wakijaza kurasa na kurasa za hesabu kwenye hati ya kiapo mpaka ile hoja moja nzuri inazama humo ndani.

Hoja yako nzuri ni hiyo safari ya saiti. Kifungu cha 25 kinataka kila upande upewe notisi mapema arbitreta akienda kukagua mali, cha 19 kinataka mtendewe sawa na kila mtu apate nafasi ya haki kueleza kesi yake, na kushindwa kujieleza ni sababu mojawapo ya kufuta uamuzi chini ya kifungu cha 35. Lakini si kila kasoro inafuta uamuzi, lazima uonyeshe ilikuumiza. Kama angeenda huko alafu aamue kwa ripoti ambazo nyote mlizijibu, jaji angekuuliza sasa ulipoteza nini? Wewe una bahati moja, ameandika mwenyewe kwamba alichoona ndicho kilimfanya aamue hivyo, na hukupata hata dakika ya kumwambia huo ufa ulitokana na kitu fulani ama hiyo kazi haikuwa yako. Nukuu hiyo aya neno kwa neno.

Sasa wakili wa mteja atauliza: ulijua lini? Kama keateka wa jengo alikupigia simu wiki hiyo hiyo, ukanyamaza, ukapeleka hoja zako za mwisho kama hakuna kitu, ukingoja uone kama utashinda, kifungu cha 5 kinasema umeshaacha haki yako ya kulalamika. Hapo ndio kesi nyingi za aina hii hufia, na mimi sioni kama ni uonevu. Kama ulijua baada ya kusoma uamuzi, sema hivyo kwa kiapo na uambatishe imeli zote za arbitreta ili ionekane hakuna hata moja iliyotaja saiti.

Usijipange ukitegemea Mahakama ya Rufaa, tangu Mahakama ya Juu iamue kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel mwaka 2019 huo mlango upo ila ni mwembamba sana.

Kitu kingine, ukishinda hujalipwa bado, mgogoro wa pesa unarudi kwa arbitresheni. Kwa hivyo mwambie wakili wako aombe pia kifungu cha 35(4), korti isimamishe kesi kwa muda arbitreta arudi saiti nyote mkiwepo. Kama huyo arbitreta humwamini tena, hilo ombi liache.