Maswali na Majibu: Gemu Darasani, Gemu Kazini

SWALI: Nafundisha hisabati. Niliwapa wanafunzi gemu la kujibu maswali ya sehemu. Kila jibu sahihi linawaruhusu kumlipua adui. Wanalipenda sana, lakini kwenye mtihani sioni mabadiliko. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu, kosa ni la gemu lenyewe, wanafunzi hawana hatia. Hapo hesabu imegeuzwa kizuizi cha kupita upesi ili raha ianze, na mtoto mwerevu hugundua mapema kwamba kubahatisha kunamfikisha haraka zaidi. Tafuta gemu ambalo hesabu ndiyo mchezo: kugawa mafuta ya chombo kwa safari tatu, au kukata mbao mpaka daraja lisimame. Akikosea sehemu, daraja lianguke na aone ni ubao gani uliopungua. The Oregon Trail, lililotungwa mwaka 1971 na wanafunzi watatu wa ualimu huko Minnesota kwa ajili ya somo la historia, lilifuata njia hiyo: mchezaji anagawa fedha zake kati ya maksai, chakula, risasi na nguo, kisha anakutana na matokeo njiani.

Kwa kipindi cha dakika 40, tumia 5 kueleza lengo moja tu na 15 kucheza wawili wawili. Mmoja acheze, mwenzake aandike kila uamuzi na sababu yake, wabadilishane katikati. Dakika 20 zilizobaki, zima skrini mjadili yaliyo daftarini. Muda ukibana, punguza kucheza, usiguse mjadala. Bila mjadala, alichokiona mwanafunzi kwenye gemu hakifiki kwenye karatasi ya mtihani.

SWALI: Tunatengeneza gemu la shule kwa Godot, programu ya kuundia gemu. Kwenye kompyuta linakwenda vizuri, kwenye simu za bei nafuu linakwamakwama kisha linajifunga. Faili lote ni MB 40 tu!

JIBU: Ukubwa wa faili unawadanganya. Picha ya PNG ikiingia kwenye kumbukumbu hufumuliwa yote: yenye pikseli 2048 kwa 2048, kwa baiti 4 kila pikseli, inakula MB 16 hata kama kwenye diski ni KB 300. Picha 20 za namna hiyo ni MB 320, na simu yenye RAM ya GB 1 italifunga gemu ili ijiokoe. Ishusheni hadi 512 kwa 512, kila moja itabaki na MB 1.

Kukwamakwama kuna sababu yake. Kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana kuonyesha mwendo, simu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila fremu. Kwa fremu 30 inapata 33.3. Gemu la kujifunzia mara nyingi halihitaji 60, basi wekeni kikomo cha 30 na betri nayo itadumu. Vitu vinavyojirudia, kama nyota na namba zinazoruka, viundeni mapema, vificheni, mvitumie tena. Kuunda na kufuta katikati ya mchezo ndiko kunakoleta mshtuko. Jaribuni kwenye simu dhaifu kuliko zote mnazoweza kupata, kwa nusu saa mfululizo. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi, na jaribio la dakika 5 halitalionyesha hilo.

SWALI: Tuko watatu. Je, kazi hii ya kutengeneza gemu inaweza kutulisha?

JIBU: Msitegemee duka peke yake. Google Play hutoza dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya gemu kufunguliwa kwa umma. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu. Kazi za kuagizwa zinatabirika zaidi: kiwanda kinachotaka mazoezi ya usalama, shule inayotaka maabara ya skrini.

Kabla ya kuanza, andikeni nani anamiliki msimbo (maandishi ya programu), picha na sauti. Kagueni leseni za vitu mlivyopakua: leseni iitwayo CC BY-NC inakataza matumizi ya kibiashara, na mlio mmoja tu wa namna hiyo unatosha kuzuia mauzo. Malipo yagawanywe kwa awamu, ya kwanza kabla ya kazi kuanza, na faili za chanzo zikabidhiwe baada ya awamu ya mwisho kulipwa.